Nondo wa Tende

Ghala la Bwana Abdulhadi lilikuwa chini na nyumba yake juu, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji wa Kale, kwa hiyo waliolala juu walivuta pumzi ya kila kilicholala chini. Tende zikija, nyumba nzima ilinukia tende. Dawa ikipulizwa, watu wa juu walifunga madirisha wakaenda kushinda kwa jamaa zao Bondeni mpaka harufu ipungue. Tsofa, mfanyakazi wa ghala, hakuwa na pa kwenda kushinda, maana pampu ilikuwa mgongoni mwake.

Mwaka mmoja, Ramadhani ikikaribia, nondo walianza kuruka mle ghalani, na Tsofa akaambiwa aingie apulize makanda yote ya tende, juu na chini na kila pembe. Hakupewa kitambaa cha kufunga pua wala kitu cha kuvaa mikononi. Alipewa pampu, na mlango ukafungwa nyuma yake ili dawa isipotee bure. Alipotoka mate yalikuwa yakimchuruzika kama mtoto anayeota meno, akakaa kizingitini akatapika mpaka nyongo. Tangu siku hiyo mkono wake wa kulia haukutulia tena; akishika kikombe, chai humwagikia magotini. Bwana Abdulhadi alimpa ruhusa ya kupumzika, akamletea maziwa anywe, akaona amekwisha tenda wema. Tende zile zile zikauzwa, na Waislamu wakafuturu nazo kwa raha zao.

Badria aliyaona yote hayo. Alikuwa mtoto wa marehemu ndugu yake Abdulhadi, amelelewa katika nyumba ile, na siku ile alikuwa likizoni kutoka Nairobi, ambako alikuwa akisomea wadudu chuo kikuu. Mtaani walikuwa wakimcheka kwa somo hilo. Walimuuliza alikwenda Nairobi kufanya nini, na hapa mende tele wa kumtosha. Yeye hakujali kuchekwa. Lililomkaa rohoni ni maziwa yale. Kila alipoyakumbuka alichemka upya, maana aliona ami yake angeweza kumnunulia Tsofa maziwa ya kila siku mpaka kufa, na bado asione alichomfanyia.

Alipomaliza masomo, mwaka wa tisini na sita, Bwana Abdulhadi alimpa kazi ya kuangalia ghala, akidhani ni jambo la kumshughulisha tu mpaka apate mume. Tende mpya zilipoingia mwezi wa Rajabu, Badria alimfuata ghalani mapema.

"Ami, mwaka huu hatupulizi."

"Na nondo je? Tuwasomee dua waondoke?"

"Nitawatafuta walipo kabla hawajazaana. Nipe nafasi mpaka Shaabani iishe."

Abdulhadi alikuwa akimpenda mtoto huyu, na kumkatalia kulimtia taabu.

"Haya. Lakini sikiza, mwanangu. Tende zangu zikitoka na funza, pampu yarudi na Tsofa yuaingia, na sitaki kusikia tena habari ya vitabu vyako."

Tsofa alikuwa mlangoni na kanda begani. Aliyasikia maneno hayo neno kwa neno, akalitua kanda polepole, mkono ukimtetemeka, akaenda kuchukua jingine.

Mitego ililetwa na basi la Nairobi. Aliituma Winnie, rafiki yake Badria aliyekuwa akifanya kazi katika maabara. Kila mtego ulikuwa karatasi ngumu iliyokunjwa mfano wa paa la kibanda, ndani imepakwa gundi, na katikati ya gundi kinawekwa kipira kidogo kama punje ya njugu. Siri yote ilikuwa ndani ya kipira. Vipira vya akiba vilikuja vimefungwa katika pakiti za karatasi ya fedha, na kwa kuwa havitaki joto, Badria alivipandisha juu kuvitia katika friji ya nyumba, nyuma ya chupa ya achari.

Jikoni siku hiyo kulikuwa na wanawake kadhaa, na mkubwa wao alikuwa Bi Zuwena. Binti wa pekee wa Abdulhadi, Jana, alikuwa ameposwa, na arusi ilipangwa iwe kabla ya mwezi mtukufu. Mama yake Jana alikuwa amefariki, basi Bi Zuwena, shoga wa marehemu, ndiye aliyekuwa somo wa bibi arusi. Alimfunza mambo ya unyumba, akamsinga kwa manukato, akamfukiza, na kwa vile nyumba haikuwa na mama alikuwa akitoa amri hata kwa vijiko.

"N'nini hivyo, mwanangu? Dawa?" aliuliza.

"Si dawa, Bi Zuwena. Ni harufu anayoitoa nondo wa kike akitaka mume."

Bi Zuwena alikitwaa kipira kimoja akakinusa, mwanamke aliyeweza kukutajia udi umetoka nchi gani kwa kuvuta pumzi moja. Akakunja uso. "Mbona hakinuki?"

"Kwetu sisi hakinuki. Pua ya nondo wa kiume ni vile vipapasio vya kichwani, na havikuumbwa kwa kazi nyingine. Chembe ya harufu hii ikimfikia tu, huacha kila alilokuwa akifanya akaifuata mpaka ilipo. Hali, hatulii."

"Hata kama yuna mke nyumbani?"

Jiko zima lilicheka. Badria naye alikuwa na furaha ya mitego yake, akajibu, "Hata awe na wanne!" Wakacheka tena, naye akafunga friji akashuka ghalani.

Mitego ikaanza kusema. Iliyotundikwa upande wa uchochoro ilijaa nondo usiku wa kwanza tu, iliyo karibu na mlango ikapata wachache. Badria alimweleza Tsofa kwamba mtego hauui kitu cha maana, kwa sababu unakamata madume tu. Kazi yake ni kuonyesha nondo wanatoka wapi. Jike hana haja na kipira. Jike hufuata harufu ya tende iliyopasuka ikaanza kuchacha, akitua huionja kwa miguu, na ikimridhisha ndipo anapotaga. Basi walisogeza makanda ya upande wa uchochoro, wakabandua mbao zilizoegemezwa ukutani, na nyuma yake wakakuta tende za mwaka jana, zimeoza zimeshikana, zimejaa funza. Tende zile zilipulizwa dawa na Tsofa mwenyewe. Alikuwa ametapika nyongo, na funza wakaendelea na maisha yao nyuma ya ubao!

Waliziondoa, wakafagia, wakaziba nyufa kwa chokaa, wakawa wanatenga kila kanda lililopasuka. Nondo katika mitego wakawa wanapungua. Kila asubuhi Tsofa mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kuichungulia, na mara nyingine alisahau kuamkia kwa haraka ya kutoa habari.

Kisha, Shaabani ilipoingia, nondo wakakatika kabisa. Mitego yote ilikuwa mitupu, gundi inang'aa. Mwenye tahadhari angejiuliza kwa nini jambo lililokuwa likipungua polepole limekatika ghafula, lakini Badria alikuwa amengoja mno siku ya kumwonyesha ami yake mitego mitupu. Alimwita akamwonyesha. Abdulhadi akakaa barazani akawaeleza wenzake wa kahawa kwamba tende zake za mwaka huu hazikuguswa na dawa, na kwamba mtoto wa ndugu yake si haba. Makanda ya kwanza yakaenda soko la Marikiti, mengine yakapelekwa sadaka msikitini Bondeni.

Chirau, mfanyabiashara wa Marikiti, alikuja na mkokoteni wakati baraza imejaa watu, na kanda la tende lilikuwa juu yake. Hakusalimu kwa urefu. Alichukua tende moja akaipasua kwa vidole mbele ya macho ya watu wote, na ndani yake kiwavi cheupe kikajikunja.

"Bwana Abdulhadi," alisema, "mimi nauza tende. Nyama wauza wenzangu."

Watu wa kahawa waliangalia vikombe vyao. Abdulhadi alipasua tende nyingine, na ya tatu. Badria, aliyekuwa amesimama mlangoni mwa ghala, alihisi uso ukimwaka moto. Hakuelewa. Alikimbia ndani kukagua mitego, na vipira vilikuwa mahali pake. Pengine vimekwisha nguvu, akawaza, akapanda juu kuchukua vingine. Nyuma ya chupa ya achari pakiti zilikuwapo zimepangwa vizuri, lakini alipoishika moja aliiona nyepesi. Ilikuwa imechanwa pembeni kwa wembe. Zote zilikuwa zimechanwa, na hakuna hata moja iliyokuwa na kitu.

Bi Zuwena alikuwa pale pale jikoni akichuja hina.

"Bi Zuwena, nani aliyefungua vitu vyangu?"

"Friji ni ya watu wengi, mwanangu. Huenda wamevitupa wakisafisha." Hakuinua macho.

"Wamevitupa wakarudisha pakiti mahali pake?"

"Yarabi! Nyumba ina arusi, nawe waja kunihoji habari ya vipira?"

Kwa Abdulhadi mambo hayakuwa bora. Alikuwa ameaibishwa barazani kwake, na mwenye kuaibishwa hataki maelezo marefu.

"Kwanza uliniambia mitego ni mizuri. Sasa waniambia vipira vimeibwa. Hebu nieleze, nani aibe harufu isiyonuka?"

Badria alimnyooshea pakiti tupu, naye hakuipokea.

"Arusi ikipita, pampu," alisema Abdulhadi. "Tulikubaliana."

Tsofa alipoambiwa aliitikia kwa kichwa tu. Baadaye, wakipakua kanda, alimuuliza Badria kama mtu anaweza kuvuta dawa ile mara ya pili akarudia kuwa mzima. Badria alikuwa amesoma miaka mingi, na jibu alilijua, na hakuthubutu kulitamka. Alijifanya anatafuta ufagio.

Ikafika siku ya kupamba. Jana aliketishwa ukumbini juu ya kiti kilichofunikwa hariri, mikono na miguu imejaa piko na hina, dhahabu ya marehemu mama yake shingoni, na kifuani kikuba kikubwa cha asmini na rehani alichokitunga Bi Zuwena kwa mkono wake, akiwa amejifungia chumbani. Wanawake walijaa ukumbi tangu alasiri, wa upande wa bibi arusi na wa upande wa bwana arusi. Chetezo kilizungushwa, udi ukafuka, vigelegele vikapigwa. Jua lilipoanza kushuka taa zikawashwa, na hapo ndipo nondo wa kwanza alipoingia.

Hakuna aliyemjali. Akaja wa pili, na wengine wakapandia ngazi ya ghala, na wengine wakaingilia dirishani, wadogo, wa rangi ya vumbi. Mara wakawa wengi. Walitua kwenye kikuba, kwenye mtandio, kwenye dhahabu, wakawa wanazunguka huku wakipiga mbawa upesi upesi bila kuruka. Bibi arusi akatikisa kichwa. Mmoja akamtua mdomoni, naye akapiga ukelele.

Minong'ono ilianzia upande wa jamaa za bwana arusi. Mmoja akasema ni husuda. Mwengine akasema kwa sauti ya kusikika kabisa kwamba mtoto huyu yuna kitu, na ingefaa Amin aambiwe mapema kabla hajaingia. Amin ndiye bwana arusi. Bi Zuwena aliyasikia hayo, na aliona arusi inamponyoka mikononi. Akasimama, akanyoosha kidole upande wa mlango.

"Si mtoto! Ni wadudu wa Badria! Yuwafuga chini ghalani, kila mtu ajua. Ametuletea balaa hata siku ya mwenziwe!"

Macho yote yakamgeukia Badria. Angeweza kulia, angeweza kutoka. Lakini yeye alikuwa akitazama taa. Taa ilikuwa inawaka hapo kando, kali, na hakuna nondo hata mmoja aliyeisogelea. Nondo gani anayepita taa? Wote walikuwa madume, na walikuwa wanacheza ile ngoma ambayo dume huicheza mbele ya jike. Akaelewa yote kwa mara moja, na hasira ikampanda.

Alikwenda mpaka kwenye kiti, akakibandua kikuba kifuani mwa Jana, akapasua asmini kwa vidole. Katikati ya maua, vimetungwa kwa uzi pamoja na rehani, vilikuwamo vipira vyake.

"Bi Zuwena kasema kitamfanya Amin asiangalie kando," Jana alimnong'oneza, wanja ukimtiririka mashavuni. "Dada, sijui kitu mimi. Niondolee tu."

Bi Zuwena alikuwa amesogea karibu. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Nisitiri, mwanangu," alisema kwa sauti ndogo. "Yule kijana ametoka Dubai. Kule wanawake ni wengi. Mtoto hana mama. Niliogopa."

Badria alimtazama. Alitaka kuinua kipira kile mbele ya umati na kusema jambo lilivyo. Alikuwa na haki yote ya kusema. Lakini alimwona Jana amejikunyata ndani ya dhahabu ya mama yake, na upande wa pili jamaa za Amin wamekaza shingo wanangoja. Wakijua kwamba bibi arusi alipakwa harufu ya mdudu ili mume amtake, watalicheka jambo hilo mpaka wajukuu wa Jana walisikie.

"Ni maua," alisema kwa sauti kubwa. "Yamechumwa mahali pabaya. Leteni kikuba chengine."

Akashuka ngazi na kikuba mkononi, na nondo wakamfuata wote, wakimzunguka mkono. Nyuma yake vigelegele vikarudi, vya kulazimisha mwanzoni, kisha vya kweli. Chini alivitia vipira ndani ya mtungi wa kioo akafunga kifuniko. Baadaye, chumba cha Jana kilipokuwa kitupu, alifungua kasha la nguo za arusi. Vipira vilivyobaki vilikuwa katikati ya kanga, na chini, nyuma ya kasha, walikuwamo nondo waliofagiwa wakalundikana. Kumbe ndiko madume walikohamia! Mitego ya chini ilikuwa na kipira kimoja kimoja, na kasha lilikuwa na pakiti nzima. Lakini majike hawakupanda. Walibaki ghalani wakitaga kwa utulivu. Na Bi Zuwena aliwaona nondo hao siku zote, akawafagia, akanyamaza Badria alipolaumiwa, akanyamaza pampu ilipotajwa. Kuogopa kwake Badria aliweza kukuelewa. Ufagio ule hakuweza kuusamehe.

Asubuhi arusi ilikuwa imepita salama, na Abdulhadi alikuwa na furaha. Badria alimwekea mtungi mezani, mbele ya Bi Zuwena, akamweleza kila kitu. Bi Zuwena hakukana. Alilia, akasema alitaka kheri.

Abdulhadi aliuzungusha mtungi, akauweka chini.

"Basi yaishe hapa hapa."

"Yaishe vipi, Ami? Mitego haikushindwa. Mimi sikushindwa."

"Nani asemaye umeshindwa? Humu ndani twajua. Lakini huko nje nikasemeje? Niwaambie watu wa Marikiti kuwa somo wa mwanangu kamtia mtoto harufu ya nondo? Amin naye asikie? Mwenyewe ulisema ni maua. Basi ni maua."

"Na Chirau utamwambia nini?"

Abdulhadi alijikohoza. "Nitamwambia mambo ya mitego hayakufaa, na tende zimetiwa dawa. Hilo wanalielewa."

Badria alihisi kama amepigwa kofi na mtu aliyemkumbatia. Uongo alioutoa kumsitiri Jana ndio sasa uliokuwa ukirudi kumfunga yeye mdomo. Alisema taratibu, akijizuia, kwamba lipo jambo la kufanya. Makanda yenye funza yanaweza kutengwa leo hii, na yaliyobaki yatiwe katika chumba cha barafu cha wauza samaki, maana baridi kali huua funza na mayai bila kuacha sumu. Mitego ikirudishwa vipira vyake itaonyesha waliosalia. Ami alikuwa akitikisa kichwa kabla hajamaliza.

"Tende zangu zinuke samaki? Ramadhani imefika, mwanangu. Hakuna wakati. Mtego ulifanya kazi, haukufanya kazi, funza wamo. Na ahadi ni ahadi."

Akatoka mpaka penye ngazi akaita, "Tsofa! Itoe pampu!"

Walishuka wote. Tsofa alikuwa ameshaitoa. Ilikuwa pale mlangoni, imejazwa, na harufu yake ilikuwa imeanza kuenea. Mkono wake ulikuwa ukitetemeka, na alikuwa ameushika kwa mkono wa pili kama mtu anayemshika mtoto asikimbie. Hakumtazama Badria. Pengine hakutaka kumwaibisha, na jambo hilo lilimuuma Badria kuliko kama angemlaumu.

"Ahadi ni yangu," Badria alisema. "Mimi ndiye niliyeahidi. Si Tsofa."

Akainama, akaipachika pampu mgongoni, akakaza mikanda juu ya baibui. Ilikuwa nzito, ikamyumbisha. Akashika mpini, akashika na mlango wa ghala.

"Wafanya nini?" Abdulhadi aliuliza.

"Naingia kupuliza. Funga mlango nyuma yangu, Ami, dawa isipotee."

"Badria! Wacha mchezo."

"Si mchezo." Akasukuma mlango.

Bwana Abdulhadi, mtu mzima asiyekimbia hata mvua ikimnyea, aliruka akamshika mkono, akamvuta nyuma kwa nguvu mpaka wakagonga ukuta.

"Una wazimu? Hiyo ni sumu! Itakuua! Wewe amana ya ndugu yangu, nitamwambia nini mbele ya Mungu?"

Wapita njia wawili walikuwa wamesimama kuangalia. Bi Zuwena, aliyekuwa kwenye ngazi, alijifunika uso kwa baibui lake. Lililobaki kusemwa halikuwa la Badria. Aligeuza uso tu, akamtazama Tsofa, na Abdulhadi naye, bila kutaka, akageuka akamtazama.

Tsofa alikuwa ameuacha mkono wake wa kulia, ukatetemeka utakavyo.

"Mwaka jana uliniambia haina neno, bwana," alisema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza ili aelewe, akangoja kujibiwa. Bwana Abdulhadi alifungua mdomo akaufunga, akamtazama Badria, akamtazama Bi Zuwena, na hakuna aliyemsaidia.